Barua ya wazi kwa wasimamizi wa elimu Moshi: Mtoto asiyeitika jina lake hajawadharau

Kwa: Wenye dhamana ya elimu ya awali na msingi, Moshi
Nakala: Wakuu na wamiliki wa shule binafsi, kamati za shule

Waheshimiwa,

YAH: ADHABU NA MAAMUZI YASIYO SAHIHI KWA WATOTO WENYE UKIMYA WA HOFU

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi tunaoandika ni walimu wa awali, wanasihi na watoa tiba tunaohudumia watoto wa aina hii. Jambo hili tulilifikisha kwanza kwa utaratibu, kwa mdomo na baadaye kwa maandishi. Upande wa elimu ukasema ni suala la afya, upande wa afya ukaturudisha elimu, na jibu la maandishi hatukulipata. Muhula mwingine umeanza na watoto walewale wanasimamishwa tena mbele ya wenzao wakidaiwa sauti. Ndiyo maana tunasema hadharani, kwa heshima ileile tuliyokuja nayo ofisini.

Mtoto tunayemzungumzia mnamjua. Nyumbani kwao Pasua au Kiboriloni anabishana na kaka zake, anaimba, anamsimulia bibi yake mambo ya siku nzima. Akivuka geti la shule, sauti inakatika. Haulizi, hajibu, haombi. Uso unakuwa kama wa sanamu, mabega yanakaza, na ukimshika mkono unakuta umekakamaa. Ukifika mwezi wa pili, mwalimu anakuwa ameshampa moja ya majina matatu: kiburi, mjinga au bubu. Yote matatu ni makosa.

Makosa hayo hayakuanzia Moshi. Mwaka 1877 daktari Mjerumani, Adolf Kussmaul, aliieleza hali hii akaiita ububu wa hiari. Mwaka 1934 Moritz Tramer, tabibu wa akili za watoto wa Uswisi, akaipa jina lenye maana ileile, kwamba mtoto amechagua. Ilipita miaka 60 kabla wataalamu wa Marekani hawajalibadilisha jina hilo katika mwongozo wao wa maradhi ya akili, mwaka 1994, ili lisimtwishe mtoto uamuzi ambao hajaufanya. Mwaka 2013 mwongozo huohuo ukaiweka hali hii katika kundi la matatizo ya wasiwasi. Shirika la Afya Duniani limeiweka mahali hapohapo katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Kwa Kiswahili wapo wanaoiita “ububu wa kuchagua”. Tunawaomba mliache jina hilo, kwa sababu linamhukumu mtoto kabla hajasikilizwa. Sisi tunasema ukimya wa hofu.

Vigezo vyake viko wazi. Mtoto anaongea vizuri mahali pamoja na kunyamaza pengine panapotarajiwa aongee. Hali hiyo imedumu angalau mwezi mmoja, bila kuhesabu mwezi wa kwanza wa shule, maana mwezi huo watoto wengi huwa kimya. Lugha inayotumika anaijua. Na ukimya unamzuia kujifunza au kuchangamana na wenzake. Mara nyingi huanza kabla ya miaka 5, lakini hauonekani mpaka mtoto aandikishwe darasa la awali, kwa kuwa nyumbani hakuna anayeuona. Tafiti za nchi nyingine zinakadiria watoto 7 hivi katika kila 1,000 wa madarasa ya mwanzo. Kwa makadirio hayo, shule yenye watoto 300 kuanzia awali hadi darasa la pili inaweza kuwa na wawili.

Tazameni kinachotokea ndani ya sekunde 10. Mwalimu anauliza swali. Mtoto anashtuka, koo linakaza, darasa zima linageuka kumtazama. Hofu inapanda. Mwenzake anadakia, “Mwalimu, huyu haongeagi!” Mwalimu anaenda kwa mwingine, na papo hapo hofu inashuka. Mwili wa mtoto umejifunza kwamba kunyamaza kunaleta nafuu. Mwalimu naye amepata nafuu, na mama aliyemjibia mtoto dukani jana jioni aliipata pia. Kesho somo hilo linarudiwa, na keshokutwa, hadi ukimya unakuwa mzizi. Hapo ndipo mnapoweza kuona kwa nini fimbo haisaidii, maana inapandisha hofu ileile iliyolifunga koo. Vilevile mtaona kwa nini kumwacha tu hakusaidii, maana kunaulea ukimya. Njia ya tatu ipo, na inafanyika shuleni kwa mikono ya mwalimu, kwa kuwa sauti inakatikia shuleni. Daktari hawezi kuja kuishi darasani. Ndiyo sababu barua hii inakuja kwenu kwanza badala ya kwenda hospitali.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Adabu inapimwa kwa sauti. Mtoto asiyeamkia anaonekana hakulelewa, na mzazi wake anaitwa kuulizwa anamfundisha nini nyumbani. Tunaithamini shikamoo kama ninyi. Lakini kwa mtoto huyu hilo ni neno gumu kuliko karibu maneno yote: linamtaka aanze yeye, analisema ana kwa ana na mkubwa, halina neno la kulibadilishia, na kila aliyepo anangoja kulisikia. Mtoto anayepata nafuu anaweza kusoma aya nzima kwa sauti mbele ya mwalimu huku shikamoo bado imekwama. Kumwambia “sema shikamoo kwanza ndipo uingie” ni kumpandisha ngazi kuanzia kidato cha juu kabisa. Wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta salamu isiyo na sauti. Kwa majirani zetu Wamaasai mtoto huinamisha kichwa, mkubwa akamgusa utosini, na heshima imekamilika. Mwalimu akipokea kichwa kilichoinama, au mkono ulionyooshwa, akaitikia “marahaba” kama kawaida, adabu imefundishwa na hofu haijaongezwa.

2. Kuitika majina. Kuna madarasa ambamo mtoto asiyesema “nipo” anaandikwa hayupo, ilhali amekaa dawati la pili. Mbali na kumwonea, daftari la mahudhurio linakuwa na uongo. Dawa yake haina gharama: ubao mdogo wenye majina au picha za watoto, na vizibo vya chupa. Kila mtoto akiingia anaweka kizibo chake mahali pake. Darasa zima lifanye hivyo, asifanye yeye peke yake, maana kifaa cha mtoto mmoja kinageuka kuwa alama ya kumchekea.

3. Viboko, kupigishwa magoti na kuzuiwa mapumziko “mpaka aongee”. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 ziko wazi: adhabu hiyo ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu au makosa mazito, isizidi viboko vinne, itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na iandikwe kitabuni. Kukosa sauti hakuingii katika utovu wa nidhamu wa aina yoyote, uwe mkubwa au mdogo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza adhabu ya kikatili au ya kumdhalilisha mtoto. Mtoto wa miaka 5 aliyepigwa mbele ya darasa kwa sababu koo lake limeganda amepata yote mawili.

4. Choo, ugonjwa na usalama. Hili ndilo linalotunyima usingizi, na tunawaomba mlisome polepole. Mtoto asiyeweza kusema “mwalimu naomba kwenda chooni” hajizuii kwa dakika 20 tu. Anajizuia kuanzia asubuhi hadi saa ya kurudi nyumbani. Wengine huacha kunywa maji na uji wa saa nne ili wasihitaji choo. Matokeo yake ni kujikojolea, kufunga choo na maambukizi ya njia ya mkojo, na baada ya kujikojolea kinafuata kicheko cha darasa ambacho kinazidisha ukimya. Mtoto huyo hawezi kusema tumbo linamuuma. Hawezi kusema mwenzake anampokonya chakula. Dada wa gari la shule akimshusha kituo kisicho chake, hawezi kusema “hapa si kwetu”. Na mtu mzima mwenye nia mbaya akimgusa, amempata mtoto asiyeweza kusema. Shule inayojua ina mtoto wa namna hii na haijaweka njia nyingine ya kutoa taarifa imemwacha bila ulinzi.

Njia hizo ni rahisi. Kadi ya boksi iliyotobolewa na kutiwa kamba, ining’inie mlangoni: anayehitaji choo, awe nani, anaivaa shingoni na kutoka bila kuomba ruhusa. Kadi nyingine tatu, yenye picha ya tumbo, ya kikombe na ya uso unaolia, zikae chini ya daftari lake. Ndani ya begi liwekwe jina lake, kituo anachoshukia na namba ya simu ya mzazi. Kila jioni mzazi na mtoto waongee dakika chache kuhusu siku ya shule, na kesho yake asubuhi mzazi amfikishie mwalimu lolote lililojitokeza, kwa kuwa nyumbani ndiko sauti iliko.

5. Lugha inachanganywa na hofu. Mtoto aliyelelewa na bibi huko Rombo au Kibosho akizungumza Kichaga, kisha akaletwa mjini kuanza shule kwa Kiswahili, anaweza kunyamaza wiki kadhaa au hata miezi akikusanya maneno. Huo ni ukimya wa kujifunza lugha na huwa unapita. Ndivyo ilivyo kwa aliyetoka Kiswahili akaingia shule inayofundisha kwa Kiingereza. Kuwatofautisha kunataka subira na jicho. Anayejifunza lugha huongea bila shida kwa lugha yake akikutana na mwenzake kutoka kijiji chao, hunong’ona maneno mapya peke yake, hucheza na kucheka kwa sauti. Mwenye hofu hunyamaza kwa lugha zote mbili mahali palepale, na mara nyingi hata kicheko chake hakina sauti. Mambo hayo mawili yanaweza pia kumpata mtoto mmoja, kwani watoto wanaolelewa kwa lugha zaidi ya moja wanaonekana zaidi miongoni mwa wenye ukimya wa hofu. Kwa hiyo kanuni ya “hapa hakuna Kiswahili” katika baadhi ya shule binafsi inamfungia mtoto mlango pekee ambao labda angepitia. Akinong’ona Kiswahili, au Kichaga, apokelewe. Lugha ya shule itafuata.

6. Upimaji, usaili na kukaririshwa. Pale kusoma kunapopimwa kwa sauti, mtoto huyu anapata sifuri. Katika usaili wa kujiunga anaulizwa jina na rangi na mtu asiyemjua, anaganda, anakataliwa. Wengine wanarudishwa darasa, au wanapelekwa kitengo cha elimu maalumu kwa dhana kwamba akili haifanyi kazi au hawasikii. Kukariri darasa hakutibu hofu. Kunampa mtoto darasa jipya la watoto wasiomjua, na mwaka mzima mwingine wa kuzoea kunyamaza. Kuna namna nyingi za kumpima: aonyeshe kwa kidole sentensi aliyosomewa, apange kadi za maneno, aandike jibu, au mzazi amrekodi kwa simu akisoma nyumbani ukurasa uleule mwalimu aliouchagua jana yake. Rekodi hiyo isikilizwe na mwalimu peke yake, kwa ridhaa ya mtoto. Isipigwe mbele ya darasa kama ushahidi kwamba “kumbe unajua kuongea”.

7. Mahafali ya awali. Kumpa mtoto huyu maikrofoni mbele ya wageni ili “azoee” ni kosa. Ajumuike kwenye wimbo wa wote, ashike bango, agawe maua.

Sasa njia ya tatu tuliyoitaja. Msingi wake ni kwamba mtoto anaanza na mtu ambaye tayari anaongea naye, katika chumba ambacho sauti inakatikia, halafu wengine wanaongezwa kidogo kidogo bila sauti hiyo kukatika. Inahitaji mwalimu mmoja, mzazi au bibi mmoja, darasa tupu, mchezo mmoja, dakika 10 hadi 15 kwa siku, mara tatu kwa wiki. Mara moja kwa wiki haitoshi, kwani hofu hurudi katikati.

Kabla ya kuanza, mwalimu atumie wiki mbili kujenga ukaribu bila kumtaka mtoto aseme lolote. Akae pembeni yake, si mbele yake, aongee kuhusu wanachokifanya: “Naona umeweka jiwe jekundu juu. Hili la bluu linaanguka.” Asiulize. Mtoto amsikie mtu mzima ambaye hamdai.

Kisha, baada ya wenzake kuondoka, mtoto na mama waingie darasani peke yao, mlango umefungwa, wacheze mchezo unaohitaji kusema: kuhesabu kete, kutaja picha, kukisia kitu kilichofichwa. Wabaki hapo mpaka sauti iwe ya kawaida kama ya nyumbani. Siku nyingine mlango uachwe wazi kiasi cha kiganja, mwalimu akipita nje. Siku nyingine asimame mlangoni amewapa mgongo. Halafu aingie, akae kona ya mbali akisahihisha madaftari bila kutazama. Asogee hatua moja, kesho nyingine. Akifika mezani asianze kwa swali, aingie kwenye mchezo kwa zamu: mtoto moja, mama mbili, mwalimu tatu, hadi 20. Zamu hiyo ina neno fupi lisilohitaji kubuniwa, ndiyo maana inawezekana. Zamu zikizoeleka, mwalimu aulize swali la kuchagua kati ya vitu viwili: “Tucheze kete au picha?” Swali la ndiyo au hapana litajibiwa kwa kichwa, na swali la “kwa nini” ni zito mno. Akishauliza ahesabu kimya hadi tano. Wengi wetu hatusubiri hata sekunde mbili, tunarudia swali au tunajibu wenyewe. Jibu lisipokuja baada ya tano, abadilishe kuwa maelezo na mchezo uendelee.

Mtoto anapomjibu mwalimu, mama aanze kurudi nyuma: kiti cha pembeni, mlangoni, nje. Baada ya hapo aongezwe mtoto mmoja rafiki, kisha wawili, kisha mchezo uhamie darasani wakati wa mapumziko. Kila hatua ipite mara mbili kwa sauti ya kawaida kabla ya kwenda nyingine. Sauti ikishuka au mtoto akikakamaa, rudini hatua moja nyuma, si mwanzo. Na kila kipindi kiishe kwenye jambo aliloliweza.

Panapoharibika tunapafahamu. Mwalimu anasikia neno la kwanza, anapiga makofi, anaita wenzake: “Njooni, ameongea!” Mtoto hunyamaza tena, pengine kwa wiki nyingi, maana amegeuzwa kuwa tukio. Neno la kwanza lipokewe kama neno la kawaida: “Sawa, kete.” Sifa itolewe baadaye, kwa sauti ya chini, ikitaja alichofanya. Pengine mtoto rafiki anakuwa mkalimani, akinong’onezwa na kusema kwa niaba yake. Hilo linafaa kama hatua ya mwezi mmoja. Likikaa mwaka, limekuwa ukuta mpya, kwa hiyo mwalimu asogee karibu taratibu hadi asikie mnong’ono mwenyewe. Pengine ni likizo ya Juni au Desemba: shule ikifunguliwa mtoto ameteleza hatua mbili tatu, mwalimu anakata tamaa badala ya kuzipanda upya, jambo ambalo safari hii huchukua siku chache. Na pengine ni uhamisho. Mwalimu aliyejenga njia anahamishwa, hakuna karatasi ya makabidhiano, anakuja mwingine na fimbo.

Tunajua mtakayotuambia.

Mtasema madarasa yamejaa, mwalimu mmoja ana watoto 80 au zaidi. Ni kweli, na tunaofundisha humo tunaujua uzito wake. Lakini kadi ya choo, ubao wa vizibo na sekunde tano za kusubiri havichukui muda wa somo, na kuacha kupiga hakuhitaji bajeti. Vipindi vya hatua ni chini ya saa moja kwa wiki kwa kila mtoto, na watoto wenyewe ni mmoja au wawili shule nzima.

Mtasema atakua ataacha. Wapo wanaopata nafuu wenyewe. Lakini matibabu huwaitikia zaidi watoto wadogo, na ukimya ukikaa miaka, wenzake wote wanakuwa wamemzoea kama “yule asiyeongea”, hata siku akitaka kusema anaogopa mshangao wao. Kungoja kuna gharama, na anayeilipa ni mtoto.

Mtasema ni kazi ya hospitali. Hospitali ina sehemu yake: kupima masikio, kuchunguza usemi, kuangalia kama kuna usonji au jambo jingine, maana baadhi ya watoto hawa wana pia tatizo la matamshi au la lugha. Hapa Moshi tuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Mawenzi na hospitali ya kanda ya KCMC, yenye idara ya masikio, pua na koo. Dawa za kupunguza wasiwasi zipo, hutolewa na daktari pale hatua zinapokwama, hasa kwa watoto wakubwa, na hatua haziachwi. Ila jambo moja lisichanganywe na haya: mtoto aliyekuwa akiongea kila mahali, akanyamaza ghafla kila mahali, hata nyumbani. Huyo asisubiri mwezi. Afikishwe hospitali na kwa afisa ustawi wa jamii mara moja, kwani huenda kuna ugonjwa, au kuna lililompata.

Mtasema wazazi wenyewe hawatoi ushirikiano, wanamkata mtoto kimeo, wanamkata kigozi cha chini ya ulimi, wanampeleka kuombewa atolewe pepo bubu. Wanafanya hivyo kwa sababu hakuna aliyewaeleza. Anayeongea vizuri nyumbani hana kasoro ya ulimi, na sentensi hiyo moja, ikisemwa na mwalimu mkuu kwenye kikao cha wazazi, ingewaepusha wengi na wembe. Maombi hatuyapingi. Tunaomba tu mtoto asisimamishwe mbele ya kusanyiko akiamriwa aseme.

Tunachoomba ni hiki, na tunaomba kabla shule hazijafunguliwa Januari.

Toeni maelekezo ya ukurasa mmoja kwa kila shule, ya serikali na binafsi, yanayosema wazi kwamba kutokuongea si kosa la nidhamu, na kwamba hakuna mtoto atakayepigwa, kunyimwa mapumziko, kuandikwa hayupo, kukaririshwa au kukataliwa usaili kwa sababu hiyo. Maelekezo hayo yaagize kadi ya choo katika kila darasa la awali, la kwanza na la pili.

Kila shule iteue mwalimu mmoja wa malezi na unasihi atakayeongoza hatua tulizoeleza, na kipindi chake kiandikwe kwenye ratiba, vinginevyo kitaliwa na zamu. Tuko tayari kuwafundisha walimu hao bila malipo, siku mbili, Jumamosi, mahali mtakapopanga. Mwishoni mwa mwezi wa pili wa muhula wa kwanza, kila mwalimu wa awali aandike majina ya watoto ambao hajawasikia sauti, awaulize wazazi jinsi watoto hao wanavyoongea nyumbani, na orodha ifike kwa mwalimu wa malezi na unasihi. Mtoto akihama darasa au mwalimu akihamishwa, karatasi ya makabidhiano itaje vitu vinne: anaongea na nani, wapi, kwa sauti ya kiasi gani, na hatua aliyofikia.

Mwisho, tunaomba kikao kimoja kati yenu, maafisa ustawi wa jamii na hospitali, ili ijulikane kwa maandishi mtoto anapelekwa wapi, kwa karatasi gani, na nani anampokea. Tarehe pangeni ninyi. Tutakuja na mfano wa maelekezo ukiwa umeshaandikwa, pamoja na kadi na ubao wa vizibo, mvione kwa macho.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Walimu wa awali, wanasihi na watoa tiba ya watoto
Moshi